Mali bila daftari: jinsi ya kuandika matumizi ya shamba na nyumbani kwenye faili la maandishi

Tumezoea kuongea mbegu, nafasi za kupandia, viwavijeshi vamizi na bei ya gunia. Leo tuongee hela. Sio hela ya mkopo wala ya mradi, ni hii inayotoka mfukoni kidogo kidogo, leo elfu tano, kesho elfu ishirini, halafu msimu ukiisha hakuna anayejua imekwenda wapi.

Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi vijana tunaolima kibiashara msemo huu tunaujua, ila ukiomba kuona daftari la mtu unakuta ni ukurasa mmoja wa mwezi wa pili, mbegu na trekta zimeandikwa, halafu kimya mpaka mavuno.

Shida inakuwa kubwa zaidi pale shamba linapokuwa la watu wawili au watatu wa familia moja. Huku kwetu ni jambo la kawaida kabisa. Mmoja yuko shambani Handeni, mwingine yuko Korogwe mjini anaendesha bodaboda au ana duka, anatuma hela kwa simu. Mama yupo nyumbani, naye ana mahitaji yake. Hela ya shamba na hela ya nyumbani zinapita kwenye simu moja, mfuko mmoja. Hakuna aliyeiba, lakini mahindi yakishauzwa ndugu hawaelewani.

Mfano wa ndugu wawili

Nimetengeneza mfano wa kufundishia. Bei ni za mfano tu, wewe weka za kwako.

Kaka mtu yuko Handeni, mdogo wake yuko Korogwe mjini. Wamelima ekari 4 za mahindi msimu wa masika. Wamekubaliana mambo mawili: gharama za shamba ni nusu kwa nusu, na mahitaji ya mama pia ni nusu kwa nusu. Samadi imetoka zizini kwa mama, hawakuinunua.

Dogo alituma hela mara tatu. Mara ya kwanza 260,000, akasema "ya trekta, inayobaki ongezea mbegu." Mara ya pili 300,000 ya mbolea ya kukuzia. Mara ya tatu 90,000 ya palizi. Jumla 650,000.

Kule Handeni mambo yakaenda hivi. Trekta ilichukua 200,000. Zile 60,000 zilizobaki mama akaumwa, zikaenda hospitali. Mbolea ikanunuliwa kweli, 300,000. Zile 90,000 za palizi zikafika nyumbani unga umeisha, zikaenda kwenye unga, sukari na mafuta ya mama. Kaka akatoa mfukoni mwake mbegu 224,000, palizi 160,000, dawa ya viwavijeshi 56,000, kuvuna na kupukuchua 120,000, na umeme wa LUKU wa mama 30,000.

Baada ya mavuno wanakaa. Dogo anasema, "Kaka, mimi shamba hili nimeweka laki sita na nusu." Kaka anajibu, "Dogo, hela yako iliyoingia shambani ni laki tano tu, mimi nimeweka laki tano na sitini." Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anahesabu alichotuma, mwingine anahesabu kilichoingia ardhini. Hapo ndipo maneno ya "umekula hela yangu" yanapoanzia.

Kila shilingi ina pande mbili

Dawa ya ugomvi huu ni ya zamani sana. Mwaka 1494, kule Venice, Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati ambacho ndani yake alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao. Kanuni yenyewe ni rahisi: hela haitokei hewani na haipotelei hewani. Kila unapoandika, andika imetoka wapi na imeenda wapi. Pande zote mbili zilingane.

Wengi wetu tunaandika upande mmoja. Tunaandika "mbolea 300,000" basi. Nani katoa? Imetoka kwenye hela ipi? Hatuandiki. Ndiyo maana daftari lipo na ugomvi uko palepale.

Mwaka 2003 mtaalamu wa kompyuta John Wiegley alitoa programu inayoitwa Ledger. Baadaye, mwaka 2007, Simon Michael akaanza nyingine ya jamii hiyohiyo inayoitwa hledger. Programu hizi hazina vitufe vingi wala picha. Wewe unaandika matumizi yako kwenye faili la maandishi ya kawaida, kama unavyoandika ujumbe, halafu programu inalisoma faili, inakagua kama pande mbili zinalingana, na inakupa majumlisho. Ni za bure, hazihitaji bando ukishaziweka kwenye kompyuta, na faili ni mali yako. Hata programu ikifa kesho, faili lako utalisoma kwa macho.

Kuandika unaandika kwenye simu janja kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi. Kompyuta mpakato unaihitaji siku ya kujumlisha tu. Kama wewe huna, kwenye kikundi chenu hakosi kijana mmoja mwenye nayo.

Faili lenyewe linaandikwaje

Kwanza chagua majina ya mafungu, kwa Kiswahili chako mwenyewe. Kwa ndugu zetu hawa tunatumia manne:

- *mchango* – nani katoa hela (mchango:kaka, mchango:dogo)
- *mkononi* – hela aliyotuma dogo ambayo bado haijatumika
- *shamba* – kila kilichoingia shambani
- *nyumbani* – mahitaji ya mama ambayo wanashirikiana

Halafu unaandika hivi:

```
2025-02-15 Dogo ametuma kwa simu
    mkononi              260000 TZS
    mchango:dogo

2025-02-18 Trekta ekari 4
    shamba:trekta        200000 TZS
    mkononi

2025-02-26 Mama hospitali, dogo amejulishwa
    nyumbani:matibabu     60000 TZS
    mkononi

2025-03-03 Mbegu mifuko 16 ya kilo 2
    shamba:mbegu         224000 TZS
    mchango:kaka
```

Tusome pamoja. Mstari wa kwanza ni tarehe na maelezo. Mistari inayofuata imeingia ndani kidogo: ya kwanza ni hela ilikoenda, ya pili ni hela ilikotoka. Upande wa pili sikuandika kiasi, programu inajaza yenyewe ili pande zilingane. Baada ya nukta-mkato unaweza kuandika maelezo yako, kwa mfano namba ya muamala, programu haiyahesabu.

Mambo matatu ya kuangalia hapa:

1. Kati ya jina la fungu na kiasi acha nafasi mbili au zaidi. Ukiacha moja, programu itadhani kiasi ni sehemu ya jina.
2. Usiweke mkato ndani ya namba. Sisi tumezoea kuandika 200,000, lakini hledger inaweza kuusoma mkato huo kama nukta ya desimali, laki mbili yako ikageuka shilingi mia mbili. Andika 200000.
3. Jina liwe lilelile siku zote. Leo "mbolea", kesho "mboleya", programu itaona ni mafungu mawili tofauti.

Angalia lile fungu la *mkononi*. Baada ya maandishi ya tarehe 26, limebaki sifuri: zimeingia 260,000, zimetoka 200,000 na 60,000. Dogo akiuliza "hela yangu iko wapi?" jibu lipo, na hahitaji kumuuliza kaka kwa ukali.

Siku ya kujumlisha

Faili tumeliita masika.journal. Baada ya kuandika yote, kwenye kompyuta unaandika amri moja:

```
hledger -f masika.journal balance
```

Inakuletea hivi:

```
  -590000 TZS  mchango:kaka
  -650000 TZS  mchango:dogo
    90000 TZS  nyumbani:chakula
    60000 TZS  nyumbani:matibabu
    30000 TZS  nyumbani:umeme
    56000 TZS  shamba:dawa
   120000 TZS  shamba:kuvuna
   224000 TZS  shamba:mbegu
   300000 TZS  shamba:mbolea
   160000 TZS  shamba:palizi
   200000 TZS  shamba:trekta
--------------------
         0
```

Mpangilio wa mistari unaweza kutofautiana kidogo na wa kwako, hilo lisikusumbue. Alama ya kutoa kwenye *mchango* haimaanishi deni la benki, inamaanisha hela imetoka kwa mtu huyo. Sifuri ya chini inakuambia hakuna shilingi iliyopotea njiani.

Sasa piga hesabu. Shamba limekula 1,060,000. Nyumbani 180,000. Jumla 1,240,000, nusu yake ni 620,000 kwa kila mmoja. Dogo katoa 650,000, kaka katoa 590,000. Kwa hiyo kaka anadaiwa na dogo 30,000. Basi! Ugomvi wa laki na nusu umekuwa ni elfu thelathini.

Nimeacha makato ya kutuma na kutoa hela ili mfano uwe mfupi. Wewe yaandike, ukifika mwisho wa msimu utashangaa yalivyo mengi.

Jasho nalo liandikwe

Hapa sasa ndipo penye jambo zito. Kaka amesimamia shamba msimu mzima. Amefukuza nyani, amesimama na vibarua kwenye palizi, amelala shambani wakati wa mavuno. Faili letu halijaandika hata shilingi moja ya jasho lake. Na yeye moyoni anajua. Ndiyo maana anaona hela ya dogo kutumika nyumbani ni haki yake, bila kusema.

Dawa ni kukubaliana kabla ya msimu, siyo baada. Tuseme walikubaliana siku 20 za usimamizi, kila siku 5,000. Inaandikwa hivi:

```
2025-07-30 Usimamizi wa kaka, siku 20
    shamba:usimamizi     100000 TZS
    mchango:kaka
```

Hakuna noti iliyotoka mfukoni, lakini mchango umeandikwa. Sasa shamba limefika 1,160,000, jumla kuu ni 1,340,000, nusu ni 670,000. Kaka ana mchango wa 690,000, dogo 650,000. Umeona? Deni limegeuka. Sasa dogo ndiye anayedaiwa na kaka 20,000.

Programu haikuamua nani ana haki. Ndugu ndio walioamua pale walipokubaliana kwamba jasho lina bei. Kama mmekubaliana usimamizi hauna malipo, sawa, lakini lisemwe mdomoni na liandikwe. Hili ni muhimu zaidi kwa mke anayepalilia na kupika chakula cha vibarua, na kwa mdogo anayekosa kibarua chake kwa ajili ya shamba la familia. Mara nyingi hao ndio jasho lao halionekani kabisa.

Mahindi ya kula siyo ya bure

Tuseme ekari 4 zimetoa gunia 40 za kilo 100. Wameuza gunia 32 kwa 55,000, wamepata 1,760,000. Gunia 8 za chakula: 5 zimebaki kwa kaka Handeni, 3 zimepanda gari kwenda Korogwe.

Ukihesabu hela ya mkononi tu, faida ni 1,760,000 kutoa 1,160,000, yaani 600,000. Lakini gunia 8 ulizokula ungezinunua sokoni. Kwa bei ileile ni 440,000. Shamba lako kiukweli limezalisha 2,200,000, na faida ni 1,040,000. Mkulima asiyeandika mahindi ya kula anaweza kuacha kilimo kinachomlipa kwa kudhani kinamtia hasara.

Na kwenye kugawana nayo yahesabiwe. Nusu ya 2,200,000 ni 1,100,000. Kaka anaongezewa zile 20,000 anazodai, anakuwa na 1,120,000. Ameshachukua mahindi ya 275,000, hivyo hela yake taslimu ni 845,000. Dogo ana 1,080,000, ameshachukua mahindi ya 165,000, anabaki na 915,000. Jumlisha 845,000 na 915,000 uone kama haitarudi 1,760,000.

Kama gunia moja kati ya zile tano ni la mama, liandikwe kwenye *nyumbani* ili wote wawili walibebe. Tena hapo ni makubaliano yenu.

Faida kwa biashara yako

Kuna namba moja ambayo mkulima wa kibiashara hatakiwi kuikosa: gharama ya gunia moja. Kwa mfano wetu, 1,160,000 ugawe kwa gunia 40, unapata 29,000 kwa gunia, sawa na 290 kwa kilo. Mnunuzi akija shambani wakati wa mavuno, bei iko chini, anataka kukushusha, unajua sakafu yako ni ipi. Akija na lumbesa, gunia limejazwa mpaka kilo 120 kwa bei ya gunia la kilo 100, unajua lile gunia limekugharimu 34,800 na siyo 29,000. Lumbesa hairuhusiwi, ila ukiwa na namba zako unamkatalia mtu kwa hoja, siyo kwa hasira tu.

Mkulima wa mpunga skimu ya Mombo, wa machungwa kule Kabuku, au wa mkonge Korogwe, kanuni ni ileile. Kwa mazao ya miaka mingi kama machungwa na mkonge ni lazima zaidi, maana unatoa hela miaka kadhaa kabla ya kuvuna, na kichwa cha binadamu hakikumbuki palizi ya miaka mitatu iliyopita.

Na ukienda kuomba mkopo, iwe benki, iwe ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, utaulizwa biashara yako inaendaje. Kikundi chenye kumbukumbu za misimu miwili kinaongea tofauti na kikundi chenye maneno matupu.

Anza hivi

1. *Kaeni kabla ya msimu.* Nani anatoa nini, gharama za mama zinagawanywaje, usimamizi una bei gani, mahindi ya kula yanahesabiwa kwa bei ipi. Andikeni juu kabisa ya faili.
2. *Andika siku hiyohiyo.* Ujumbe wa muamala ukiingia, andika kabla hujafunga simu. Vibarua ukiwalipa taslimu, andika hapohapo shambani.
3. *Mmoja aandike, mwingine asome.* Kila Jumapili faili litumwe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Linabaki kama nakala, simu ikiibiwa hesabu zipo. Namba ya siri ya simu isiandikwe humo kamwe.
4. *Hela ikibadilishiwa kazi, sema siku hiyo.* Hela ya palizi ikienda kwenye unga, iandikwe *nyumbani* na aliyeituma ajulishwe. Mama kula siyo kosa. Tatizo ni dogo kulijua jambo hilo mwezi wa nane.
5. *Usifute.* Ukikosea, andika mstari mpya wa kusahihisha na ueleze kwa nini. Faili linalofutwafutwa halimridhishi mtu.
6. *Hesabu za mkononi zikaguliwe.* Faili likisema *mkononi* kuna 40,000, hela iliyopo iwe 40,000.

Huna kompyuta wala mtu wa kukusaidia? Nunua kaunta buku, chora safu tano: tarehe, maelezo, imetoka wapi, imeenda wapi, kiasi. Ni kanuni ileile, kujumlisha utatumia kikokotoo cha simu. Siku ukipata kompyuta utahamishia.

Masika huwa hayasubiri mtu, na hela ya trekta ndiyo ya kwanza kutoka. Kwa hiyo fungua faili kabla trekta haijaingia shambani. Andika makubaliano yenu, msome wote kwa sauti, halafu mwende kulima.

Nawatakia msimu mwema, Handeni na Korogwe yote. Ukikwama kwenye kuandika, mtafute afisa ugani wa kata yako, mkae naye na faili lako mkononi.